Kemia Baada ya Kidato cha Pili: Somo, Vyuo na Mwambao wa Pangani

Kwa utaratibu ambao shule za sekondari za Tanzania zimeufuata kwa miaka mingi, wanafunzi wote husoma kemia katika kidato cha kwanza na cha pili, na wakishavuka Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huachiwa wachague ama kuendelea nayo ama kuachana nayo, wakati hisabati na baiolojia hubaki kuwa masomo ya lazima hadi kidato cha nne. Uchaguzi huo hufanywa na kijana wa miaka 15 au 16, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo wa muhula, kwa kufuata alama alizopata, maneno ya kaka na dada waliomtangulia, au hali ya shule yenyewe, kwa maana ya kuwa na mwalimu wa sayansi au kutokuwa naye. Kwa macho ya mzazi wa Pangani, mkoani Tanga, anayehangaikia sare na michango, jambo hilo huonekana dogo, kwani mtoto bado yuko darasani na masomo anayo ya kutosha; lakini ndani ya hatua hiyo imejificha orodha ndefu ya kozi ambazo mtoto huyo hataweza hata kuziomba miaka miwili baadaye, na ni vigumu kulitaja somo jingine la hiari ambalo likiachwa hufunga milango mingi kiasi hicho.

Kemia ni elimu inayochunguza maada, yaani kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi: kimeundwa na nini, kina tabia gani, na kinageukaje kuwa kitu kingine kinapokutana na maada nyingine, na badiliko hilo linalozaa kitu kipya ndilo linaloitwa mmenyuko wa kikemia. Muhtasari wa somo uliozoeleka huanza na mambo mepesi, kama kanuni za usalama wa maabara, vyanzo vya joto, hewa, kuungua na kutu, kisha hupita kwenye maji, fueli na muundo wa atomu, ambayo ni chembe ndogo kabisa ya elementi. Uzito wa somo huja kidato cha tatu na cha nne, ambako mwanafunzi hujifunza milinganyo ya mimenyuko, asidi, besi na chumvi, maji magumu, namna umeme unavyochambua myeyusho, uchenjuaji wa metali, kemia ya kaboni, kemia ya udongo na uchafuzi wa mazingira, pamoja na dhana ya moli, ambayo ni kipimo cha kuhesabia chembe zisizoonekana kwa macho, moli moja ikiwa na chembe zipatazo bilioni 602 zikizidishwa mara bilioni 1,000. Kwa mpangilio huo, anayeondoka mwisho wa kidato cha pili huwa amekwisha kukariri majina na alama za elementi, ila hajafika kwenye hesabu na vipimo vinavyolipa somo thamani yake.

Mada ya maji magumu inafaa kuchukuliwa kama mfano, kwa sababu watu wa Pangani huishi nayo kila siku. Sehemu kubwa ya mwambao wa Tanga imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mawe ya chokaa, ambayo kikemia ni kalsiamu kabonati. Maji ya mvua, yakishachukua hewa ukaa kutoka angani na zaidi kutoka kwenye udongo, huwa asidi dhaifu, na yanapopenya ardhini huyala mawe hayo taratibu na kuyageuza kuwa kalsiamu haidrojeni kabonati, ambayo tofauti na jiwe lenyewe huyeyuka majini na hupanda pamoja na ndoo ya kisimani. Maji ya namna hiyo hukataa kutoa povu hata sabuni ikisuguliwa hadi ikaribie kwisha, kwa kuwa kalsiamu huishika sabuni na kuifanya utando mweupe unaoganda pembeni mwa beseni. Na yanapochemshwa, ule mmenyuko hurudi nyuma, hewa ukaa hutoka, na jiwe hujirudia kuwa jiwe kwa umbo la ganda jeupe ndani ya birika. Mmenyuko huohuo, ukienda polepole kwa maelfu ya miaka badala ya dakika za jikoni, ndio uliochonga mapango ya Amboni nje kidogo ya jiji la Tanga na kuzijenga nguzo zinazoning'inia ndani yake. Ugumu mwingine wa maji, unaotokana na salfeti za kalsiamu na magnesiamu, hauondoki kwa kuchemsha, bali huhitaji magadi ya kufulia, yaani sodiamu kabonati, na mwanafunzi aliyeelewa tofauti ya aina hizo mbili anaweza kuieleza kaya yake kwa nini dawa ya kisima cha jirani haikufaa kwao.

Jambo la chumvi katika maji lina uzito zaidi. Mto Pangani huanza safari yake kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupita katika mabwawa ya umeme na mashamba ya umwagiliaji, na kadiri maji yanavyotumika huko juu ndivyo nguvu inayofika mlangoni mwa bahari inavyopungua, hata maji ya bahari yakapata nafasi ya kupanda mtoni wakati wa maji kujaa na kuharibu mashamba na visima vya kando. Ulimi wa mkulima utamwambia kuwa maji yana chumvi, lakini hautamwambia ni chumvi kiasi gani, wala kama kiasi hicho kimeongezeka tangu mwaka jana. Katika maabara ya sekondari, sampuli ya maji hutiwa kwanza asidi nitriki iliyozimuliwa, kisha matone machache ya myeyusho wa fedha nitrati, na iwapo kuna kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi ya kawaida, maji yaliyokuwa angavu huchafuka ghafla na kutoa mashapo meupe mazito, ambayo yakiachwa kwenye mwanga wa dirishani hugeuka rangi ya kijivu chenye zambarau. Kwa hatua moja zaidi, ambapo myeyusho huo wa fedha hudondoshwa kutoka kwenye bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama za vipimo na bomba la kufungia chini, kiasi chenyewe cha chumvi katika lita moja hupatikana kwa hesabu ya moli. Si jambo la chuo kikuu. Linawezekana kwa kijana wa kidato cha nne mwenye vifaa na mwalimu.

Kuta za majumba ya kale ya mji wa Pangani nazo zimejengwa kwa mlolongo wa mimenyuko ambayo kitabu cha kemia huipa kurasa chache tu. Mawe ya matumbawe yakichomwa katika tanuu hadi kufikia nyuzijoto zipatazo 900 za Selsiasi hutoa hewa ukaa na kubaki chokaa hai. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuvimba, na ndipo mafundi husema imezimwa. Kisha ikichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, kazi ambayo huendelea kwa miaka baada ya fundi kulipwa ujira wake. Mabati yaliyozifunika nyumba hizo baadaye hayakuwa na bahati hiyo, maana upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi ikikaa kwenye chuma chenye unyevu huiharakisha kutu, ndiyo sababu ujenzi wowote wa chuma na zege kando ya maji ya chumvi, likiwemo daraja jipya la Mto Pangani, hauwezi kupangwa bila kuzingatia namna ya kuzuia kloridi isizifikie nondo.

Kuna pia mashamba ya chumvi yaliyotawanyika katika mwambao kuanzia Mkinga hadi Saadani, ambako lita moja ya maji ya bahari huwa na gramu zipatazo 35 za chumvi za aina mbalimbali, na ustadi wote upo katika kuzitenganisha. Jua linapoyakausha maji, salfeti ya kalsiamu hutangulia kuganda. Chumvi ya kula hufuata pale maji yanapobaki karibu sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa. Na magnesiamu, yenye uchungu, hubaki majini hadi mwisho, kwa hiyo mvunaji anayekawia kuyamwaga maji hayo ya mwisho hupata chumvi chungu inayonyonya unyevu na kulowa gunia. Chumvi hiyo haipaswi kuingia sokoni bila kuongezwa madini joto, yaani iodini, kwa kawaida kwa umbo la potasiamu iodeti, ili kuzuia ugonjwa wa rovu, na hapo tena panahitajika mtu anayejua kupima, kwani madini yakizidi ni kosa na yakipungua ni kosa.

Historia ya mkoa wa Tanga wenyewe inaonyesha kuwa elimu hii haikuja mwambao kama pambo la darasani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafa mingi njiani, na 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ndiyo iliyozaa mashamba yote ya mkonge yaliyoijengea Tanga jina duniani. Mwaka 1902 ikaanzishwa taasisi ya utafiti ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki, ambayo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, koloni lilipozingirwa baharini na Waingereza, ilitengeneza dawa ya kwinini, sabuni na mishumaa kutokana na mimea iliyokuwepo. Mkonge wenyewe ulikaa zaidi ya karne moja ukitazamwa kama singa tupu, ingawa singa hizo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kilichobaki kilitiririshwa mitoni kutoka korona, yaani mitambo ya kusaga majani, kikachachuka na kuua samaki. Mabaki hayohayo yakifungiwa mahali pasipo na hewa huvundikwa na bakteria na kutoa methani, gesi iwakayo, na huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga katika muongo wa 2000 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi hiyo. Taka haikubadilika, kilichobadilika ni ujuzi wa waliokuwa wakiitazama.

Baada ya kusemwa hayo, ni vizuri kurudi kwenye karatasi za udahili, kwa kuwa hapo ndipo kemia inapoonekana kwa sura yake kali. Mtihani wa kidato cha nne, unaotungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa alama kuanzia A hadi F, na D, inayoanzia asilimia 30, huhesabiwa kuwa ufaulu. Vyuo vya afya vya ngazi ya kati, vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, kwa ufupi NACTVET, humtaka mwombaji wa kozi za utabibu na uuguzi awe amefaulu masomo yasiyopungua manne, ya dini yakiwa hayahesabiwi, na kemia na baiolojia lazima ziwemo, na kwa utabibu fizikia pia. Famasia na maabara ya tiba nazo haziwezekani bila kemia. Hii ina maana kwamba D moja ya kemia inaweza kuwa na uzito kuliko B tatu za masomo mengine, jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa tayari wameshika matokeo mkononi. Kwa familia ambayo haina uwezo wa kumsubiri mtoto amalize miaka miwili ya kidato cha tano na sita na mitatu au mitano ya chuo kikuu, stashahada ya uuguzi au ya maabara ndiyo njia fupi ya kumfikisha kwenye taaluma inayohitajika hadi kwenye zahanati ya kijiji, na kwa maoni ya makala hii, hoja hiyo pekee inatosha kumfanya mwanafunzi wa wastani abaki na kemia hata kama hana ndoto ya kuwa mwanasayansi.

Kwa anayeendelea na kidato cha tano, kemia hukaa katikati ya tahasusi, yaani mafungu ya masomo matatu yanayosomwa pamoja. PCM huiweka na fizikia na hisabati, PCB na fizikia na baiolojia, CBG na baiolojia na jiografia, CBA na baiolojia na kilimo, CBN na baiolojia na lishe. Na ingawa tahasusi ziliongezwa sana mwaka 2024, hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya wanaoelekea kwenye sayansi. Katika mtihani wa kidato cha sita, A huhesabiwa pointi 5 na E pointi 1, na vyuo vikuu hutazama jumla ya pointi na pia masomo zilikotoka. Shahada ya udaktari wa binadamu, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na vinginevyo, hudai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia zote tatu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, huihitaji kemia kwa udaktari wa mifugo na sayansi ya chakula. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha sayansi kilianza mwaka 1965, hufundisha kemia yenyewe, ualimu wake, na uhandisi wa kemikali na usindikaji. Tangu mwaka 2022 kuna pia ufadhili wa masomo wenye jina la Rais Samia kwa wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi, unaowasomesha bila mkopo katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba.

Haifai hata hivyo kuipamba kemia kupita kiasi. Shahada ya kemia peke yake haimhakikishii mtu ajira, na viwanda vya kemikali nchini ni vichache. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi miaka ya 1970 kikitegemea sana malighafi ya kuagiza, kilikuwa kimekwisha kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi zilizopo ziko zaidi katika udhibiti wa ubora: saruji ya Pongwe, ambayo mchanganyiko wake wa chokaa na udongo wa mfinyanzi hupimwa kila mara, utafiti wa udongo wa Mlingano, wilayani Muheza, mamlaka za maji, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo wananchi huisikia zaidi kwenye kesi za dawa za kulevya na vinasaba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, Tanga, na kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi, ambayo huganda kwenye joto la kawaida, hulazimika kupashwa moto njia nzima. Wenyeji wa mikoa linamopita wataajiriwa humo kama walinzi au kama wapimaji, na tofauti kubwa iko katika walichosoma.

Kwa nini basi wengi huikimbia? Sababu ya kwanza ni kwamba somo la mikono limefundishwa kwa mdomo. Shule za sekondari za kata ziliongezeka kwa kasi kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, madarasa yakatangulia maabara, na kwa miaka mingi shule zisizo na maabara zilifanya karatasi ya maandishi badala ya vitendo, ambapo mtahiniwa alieleza rangi asizowahi kuziona. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, lilifanya wananchi kote nchini wachangie ujenzi katika miaka ya 2014 na 2015. Majengo yakasimama mengi, lakini kemikali huisha, mizani huharibika, na jengo lisilo na fundi wa maabara hugeuka stoo ya viti. Sababu ya pili ni lugha, kwa kuwa mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukutana na kemia kwa Kiingereza, akajikuta anajifunza mambo mawili kwa kipindi kimoja, ilhali istilahi za Kiswahili zipo na zimekusanywa katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Sababu ya tatu ni mzunguko unaojilisha wenyewe: shule isiyotoa wanafunzi wa kemia haitoi walimu wa kemia, na walimu wanaopangwa kutoka mbali mara nyingi huomba uhamisho.

Mtihani wa vitendo wenyewe si wa kutisha kwa aliyezoea. Mtahiniwa huvuta kwa pipeti kipimo kamili cha besi, sentimita za ujazo 20 au 25, akaiweka katika chupa ya kioo yenye umbo la pia, akatia matone mawili matatu ya kiashiria kiitwacho methili chungwa, na maji yakawa manjano. Kisha mkono wa kushoto hushika bomba la bureti na wa kulia huizungusha chupa, asidi ikidondoka, hadi tone moja tu linapoyageuza manjano kuwa chungwa. Akipitiliza, maji huwa mekundu na jaribio hurudiwa. Mikono ya aliyefanya hivyo mara kumi haitetemeki, na ya aliyesoma maelezo yake ubaoni hutetemeka, na alama hufuata mikono.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeleta mkondo wa amali sambamba na ule wa jumla, na majina ya mikondo na tahasusi huenda yakaendelea kubadilika, lakini masharti ya vyuo vya afya, kilimo na uhandisi hayajaacha kuitaja kemia. Aliyeiacha anaweza kurudi kuifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila atalazimika kulipa ada, kutafuta kituo chenye maabara na kujifunza vitendo akiwa nje ya shule, na ni wachache wanaofanikiwa. Kwa hiyo mzazi wa Pangani, Bweni, Mkwaja au Mwera ambaye mtoto wake anaingia kidato cha tatu aende shuleni kabla orodha za michepuo hazijafungwa, aombe kuonyeshwa mwongozo wa udahili wa NACTVET, na asome pamoja na mtoto sharti la kila kozi wanayoitamani. Na bodi ya shule, kabla ya kuidhinisha bajeti ya mwaka, iulize fedha nitrati imebaki kiasi gani kwenye kabati la maabara.